Sijapita Kwingine

Asubuhi siingii dukani mpaka mtu mwingine awe amenunua kwanza. Hapa mtaani kwetu Tarime wameshazoea kuniona nimesimama chini ya paa la duka la Neema, kikapu mkononi, najifanya nasoma tangazo la mkutano wa injili uliokwisha mwaka juzi. Neema, binti mwenye duka, ananiona kupitia nondo. "Shikamoo baba. Nikupe nini leo?" Namjibu marahaba, sitaki kitu, napunga upepo. "Upepo gani na baridi hii?" Nasubiri. Akitokea mtoto wa shule akanunua peni, au mama wa maandazi akachukua ngano yake, ndipo na mimi nasogea kama mtu aliyekumbuka ghafla kwamba nyumbani sukari imeisha. Mke wangu anasema ni uzee umeanza mapema. Neema anasema ni ubahili, kwamba nasubiri labda bei itashuka. Nawaacha waamini hivyo. Ubahili ni ugonjwa wa heshima kuliko huu nilio nao.

Mwezi uliopita nililazimika kwenda Mugumu kumzika Nchagwa, mtu aliyekuwa na duka kubwa kwenye mtaa nilioishi mwaka mmoja tu wa ujana wangu. Nasema nililazimika kwa sababu mimi ni mtu wa ndani. Ukibisha hodi kwangu nisiitike, ujue nimekufa au nimefuata chumvi. Safari ya kutoka Tarime kwenda Mugumu, ambayo wenzangu wanakwenda na kurudi wakiuza nguo za mitumba, mimi niliiwaza wiki nzima, nikafunga mkate, chupa ya chai na sweta mbili. Nilirudi na sweta zote. Kitu kidogo nilichopewa kule msibani nilikiacha hukohuko, na tangu siku hiyo napata shida kulala.

Mwaka ninaousema nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nangoja matokeo. Nilikuwa kwa dada yangu Bhoke, muuguzi, aliyepangiwa kazi Mugumu na kupanga vyumba viwili kwenye nyumba ndefu ya bati jekundu. Chumba kimoja cha kwake, kingine changu pamoja na jiko la mkaa, ndoo za maji na kuku aliyekuwa akisubiri Krismasi. Dada aliondoka alfajiri kwenda zamu na kurudi amechoka, kwa hiyo kupika, kufua na kwenda dukani vikawa vyangu. Sikulalamika. Nilipenda kukaa ndani nikisikiliza nyumba: mwalimu wa chumba cha tatu akigombana na redio yake, mvua ikianza kwenye bati kwa tone mojamoja. Waliolalamika walikuwa watu wa nje. Nchagwa, ambaye kila wiki alikwenda Sirari kuchukua mzigo na kurudi na maneno ya Kenya mdomoni, akiniona na kikapu alipiga kelele mpaka barabara nzima igeuke. "Mura! Mkurya mzima, umetahiriwa, unatumwa kitunguu? Au dada yako amekuoa?" Watu wanacheka. Na mimi nacheka, kwa sababu kitunguu kweli nilikuwa nimetumwa.

Mkabala na duka la Nchagwa kulikuwa na dirisha. Siwezi kuliita duka. Lilikuwa dirisha la chumba cha mwanamke mmoja wa pwani, mtu mzima, mwembamba, aliyevaa miwani iliyofungwa uzi mwekundu. Mtaa ulimwita Mama Tanga, ingawa alikuwa wa Pangani na alikuwa na maelezo marefu juu ya tofauti hiyo kwa mteja yeyote asiye na haraka. Bidhaa zake hakuzipanga kwa aina, alizipanga kwa wanunuzi. Kona ya walimu: chaki, majani ya chai, dawa ya kichwa. Kona ya wauguzi: sabuni, pini za nywele na biskuti, kwa kuwa aliamini wauguzi hawali. Kona ya watu wa ng'ombe wanaokuja mnadani kutoka Nyansurura na kwingine: kamba, tumbaku, betri za tochi. Ukiwa mwalimu ukaulizia betri, anakutazama juu ya miwani: "Una ng'ombe siku hizi?" Sabuni ya mche aliikata kwa uzi wa kushonea, vipande sawasawa kama lilivyopima jicho lake. Sukari aliifunga kwenye karatasi za ukataji wa nguo za mumewe, Fundi Abdala, aliyekuwa fundi cherehani mpaka siku alipopooza upande mzima. Kwa hiyo nilikuwa narudi nyumbani na sukari iliyoandikwa "mabega kumi na nane, mkono ishirini na tatu, Mwl. wa hesabu." Nilizihifadhi zile karatasi. Nilijua viuno vya nusu ya watumishi wa serikali Mugumu kabla sijajua majina yao.

Fundi mwenyewe alikuwa nyuma ya pazia, hatua mbili kutoka dirishani. Sikumwona mara nyingi. Nilimsikia: kitanda kikilia, kikohozi, na maneno machache aliyobaki nayo, yanatoka yamepinda. Macho yalikuwa yamefifia lakini masikio yake, alivyosema mkewe, yalikuwa yanafanya kazi ya mwili wote.

Siku ya nne au ya tano tangu nianze kununua pale, Mama Tanga alinishika kifundo cha mkono kabla sijachukua kiberiti changu. "Simama hapo hapo. Jana wa kwanza alikuwa nani hapa dirishani? Wewe. Jana nimemaliza kamba zote, na haikuwa siku ya mnada. Juzi wa kwanza nani?"

"Mimi, mama."

"Juzi nimeuza mpaka ile taa iliyokaa miaka miwili. Na kule mwanzo?" Akageukia pazia. "Baba, ndiye huyu. Mkono ni wa huyu."

Kwa wasiouza, nieleze. Wafanyabiashara wengi wanaamini kwamba siku ya duka inafunguliwa na mteja wa kwanza. Kuna mtu akikufungulia, mpaka jioni hukai. Kuna mwingine akikutangulia, hata nzi hawaji. Wa kwanza hakopeshwi, harudishiwi chenji, wala hapunguziwi bei. Mama Tanga alikuwa na sheria zake zaidi. Pesa ya kufungulia lazima iwe moja, ileile, na inalala kwa mwenye mkono. Alinipa sarafu ya mia mbili, ile yenye simba wawili, yenye pengo dogo ukingoni ambalo Fundi alilipiga kwa nyundo zamani ili isichanganyike. Asubuhi nanunulia sukari ya mia mbili, jioni nampa mia mbili nyingine ya kawaida, ananirudishia ile ya pengo nikalale nayo. Hiyo ndiyo kazi pekee maishani ambayo mimi nilitafutwa. Nyingine zote niliandika barua.

Kila asubuhi ilikuwa hivi. Dirisha bado limefungwa, mimi nagonga mara moja.

"Nani?"

"Mwita."

"Umepita kwingine?"

"Sijapita kwingine."

"Basi fungua."

Kipande cha dirisha kinafunguka, kinatokea kopo tupu la maziwa ya unga, na mimi naidondosha sarafu kutoka juu ili ilie. Ilikuwa lazima ilie. Ikishalia, tunanyamaza wote wawili, mimi nje kwenye ukungu na yeye ndani na miwani yake, mpaka sauti ya nyuma ya pazia iseme: "Imefunguka." Aliitamka kwa shida, kila herufi ikipita upande mmoja wa mdomo. Baada ya hapo ndipo Mama Tanga alicheka, akaniuliza dada ameamkaje na kama kuku ananenepa.

Lile "umepita kwingine" halikuwa salamu. Mkono, alinieleza, unafungua mahali pamoja kwa siku. Ukishafungulia kwingine, unachokuja nacho ni vidole tu. Nilicheka alipolisema hilo. Nilikuwa nimefaulu baiolojia, angalau nilidhani nimefaulu, na nilijua mkono una mifupa ishirini na saba na hakuna hata mmoja wa biashara.

Lakini nilijua pia ile biashara ilikuwa ya nini. Mama Tanga hakuficha. Fundi alitaka kufia kwao Pangani, kwenye nyumba ya mama yake, kwenye chumba alichozaliwa. Ni basi baada ya basi mpaka pwani, na mtu asiyeweza kukaa anahitaji viti viwili. "Nikitimiza nauli ya viti vinne tunaondoka," aliniambia siku moja akikata sabuni, uzi umebanwa kwenye meno. "Kabla ya masika. Masika ikitukuta hapa, barabara imekwisha na yeye amekwisha."

"Viti vinne vya nani? Yeye viwili, wewe kimoja."

Alitoa uzi mdomoni. "Na wewe, mwanangu. Nani atambeba?"

Nilimjibu sawa. Nilisema hata "Inshallah," mimi Msabato wa Kemambo. Halafu nikarudi chumbani nikakaa juu ya ndoo. Sijawahi kumwambia mtu nilichowaza juu ya ile ndoo, hata dada, hata mke wangu. Niliona basi la siku mbili, mtu mzima amenilalia mapajani, stendi nisizozijua, miji ambayo hata nikiita hakuna wa kuniitikia. Nikasema moyoni: basi nauli ichelewe kidogo. Kidogo tu. Kwa nyuma ya pazia jioni ile nilikuwa nimesikia Fundi akiuliza jambo, na mkewe akimjibu taratibu kama anayembembeleza mtoto: "Ngoja, baba. Mwita anatufungulia."

Nchagwa alinikamata wiki hiyohiyo. Alikuwa ameona dirisha la ng'ambo linavyojaa, na duka lake kubwa lenye jenereta na friji limejaa nzi. "Hebu kuja hapa, mkono mwepesi," akasema, na kwa Kiswahili chetu wote tunajua mwenye mkono mwepesi ni mwizi, lakini alicheka akilisema. "Huyo mama anakulipa nini?"

"Hanilipi."

"Hanilipi! Mura, wewe ni kondoo. Unajua sisi wafanyabiashara tunatafuta mkono mpaka kwa waganga? Na wewe unagawa bure kwa mama wa kigeni, mimi Mkurya mwenzako nakaa na njaa?" Akafungua mlango wa kaunta. Ndani, kati ya magunia ya unga, kulikuwa na televisheni na kiti cha plastiki cha bluu. "Keti."

Nikaketi. Sikumbuki ilionyesha nini, nakumbuka kiti. Kilikuwa na mikono miwili ya kuegemea viwiko, kilikuwa ndani, kilikuwa kikavu, na hakuna aliyekuwa ananicheka. Watu huuzwa kwa ng'ombe, kwa mashamba. Mimi nilinunuliwa kwa kiti cha plastiki na soda ya baridi. Nchagwa naye alinipa sarafu yake ya kufungulia, ishirini ya Kenya, ile ya rangi mbili. "Hii haiwezi kuchanganyika na ya yule mama," akasema. "Saa kumi na mbili kamili kwangu. Baadaye nenda kamdanganye yeye."

Kwa hiyo kwa karibu miezi miwili asubuhi yangu ilikuwa na milango miwili. Natoka nyumbani kwa nyuma, napita kwenye mitaro, nafika mlango wa stoo wa Nchagwa. Nampa ishirini bob, ananipa boksi la kiberiti, anabusu sarafu kwa mzaha; jioni ananirudishia nikalale nayo. Nazunguka nyuma ya choo cha msikiti, natokea upande mwingine wa barabara kama mtu atokaye kitandani, nagonga dirisha.

"Umepita kwingine?"

"Sijapita kwingine."

Mara ya kwanza ulimi ulikuwa mzito. Wiki ya pili ulikuwa umezoea. Na kopo lililia vilevile, na sauti ya nyuma ya pazia ikasema imefunguka vilevile, ndipo nikajithibitishia kwamba mambo yote ni upuuzi wa wazee. Ila dirishani watu walipungua. Najua kwa nini. Nchagwa alikuwa ameleta sabuni ya Kenya ya bei ya chini na friji lake limepata gesi mpya. Mtu yeyote mwenye akili anaona hivyo. Mama Tanga alianza kukata mche wa sabuni vipande vidogo zaidi. Jioni moja alinipimia sukari, akaitazama mizani muda mrefu, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Mkono wako umechoka, mwanangu? Unakula vizuri?" Akaniongezea biskuti mbili kutoka kona ya wauguzi.

Nilizila. Zilikuwa za nazi.

Asubuhi iliyoharibu kila kitu ilikuwa na ukungu na manyunyu ya kwanza. Nilikuwa nimevaa koti la dada, lenye mfuko mmoja tu usiotoboka, kwa hiyo sarafu zote mbili zilikuwa pamoja. Kwa Nchagwa stoo ilikuwa giza, jenereta halijawashwa. Nilitoa sarafu, nikampa, akaidaka bila kuitazama, kwa sababu alikuwa anapiga miayo. Nikazunguka nyuma ya choo. Nikagonga. Mwita. Umepita kwingine. Sijapita kwingine. Basi fungua. Kopo likatokea, nikaidondosha.

Ililia. Ishirini ya Kenya nayo ni chuma, ina sauti nzuri tu. Nilikuwa nimeshaanza kunyoosha mkono nipokee sukari. Kule nyuma ya pazia palikuwa kimya. Tukangoja. Manyunyu yakaanza kuwa mvua. Mama Tanga akageuza kichwa, akasema, "Baba?"

Sauti ikaja, na sijui alitoa wapi nguvu, maana ilikuwa wazi kuliko siku zote.

"Hiyo siyo."

Mama Tanga akatumbukiza vidole kwenye kopo. Akaitoa, akaisogeza karibu na miwani, akaigeuza upande huu na huu. Mtaa mzima ulijua ni nani anayetembea na hela za Sirari. Ningeweza kusema nimeokota. Ningeweza kusema dada kanipa. Nilikuwa na uongo wa miezi miwili umekaa tayari mdomoni, na siku ulipohitajika haukutoka. Akanirudishia ile sarafu kwenye kiganja, akakunja vidole vyangu juu yake kimoja kimoja, kama anavyokunjiwa mtoto anayetumwa.

"Umepita kwingine," akasema. Safari hii hakuuliza. Akafunga dirisha.

Nilikimbia kwa Nchagwa nimelowa. Nikamwambia tumebadilisha, nipe ile ya simba. Akafungua droo, akachakura, akafunga. "Nimeshampa mtu chenji."

"Saa hii? Nani kanunua na mvua hii?"

"Dereva wa lori. Ameenda. Mura, mia mbili si ni mia mbili? Chukua hii, hii, hii." Akanimwagia sarafu tatu za simba kaunta nzima. Nilichukua moja, isiyo na pengo. Jioni nilikwenda nayo dirishani. Mama Tanga aliipokea, akapitisha kidole gumba ukingoni mzunguko mzima, akanirudishia.

"Mia mbili zote ni sawa, mama," nikasema, nikajisikia nasema kwa mdomo wa Nchagwa.

"Ni sawa. Kanunulie chumvi kwingine."

Baada ya hapo alijaribu mikono mingine. Nilimwona kupitia tundu la pazia la chumba changu, kila asubuhi dirisha linachelewa zaidi: mwalimu wa hesabu, mwosha magari, mjukuu wa imamu. Wote walidondosha sarafu zao. Sikuwahi tena kusikia ile sauti ikiitika, lakini nilikuwa mbali, labda iliitika. Najiambia labda iliitika. Masika ikaingia wiki ya tatu baada ya asubuhi ile, mabasi yakakwama, na Fundi Abdala akafa Jumanne saa nne asubuhi, kwenye chumba kile, hatua mbili kutoka kwenye kona ya walimu. Nilikuwa miongoni mwa waliobeba jeneza. Waliniita mimi kwa kuwa ni mrefu. Lilikuwa jepesi sana. Nilitembea nalo begani kutoka msikitini mpaka makaburini, mwendo ambao haufiki nusu saa, na hatua zote nilikuwa nawaza kwamba huyu ndiye mtu niliyeogopa kumbeba.

Mama Tanga alipomaliza eda aliuza vitu vyote kwa bei ya kutupa, akitaka kurudi kwao. Nilikwenda siku ya mwisho. Rafu zilikuwa tupu, kona hazikuwa za mtu yeyote. Nilikuwa nimeandaa maneno usiku kucha, na nilipofika akanitangulia kwa sauti safi ya dukani, sauti anayopewa mpita njia.

"Karibu, mteja."

Nilinunua kiberiti. Nikaulizia lile kopo, nikijidai nataka la kuwekea chumvi. "Nimempelekea mwenyewe, kaburini," akasema. "Nimempandia mrehani." Akanipa chenji, hakukosea hata senti, na akamtazama aliyekuwa nyuma yangu.

Matokeo yalikuwa yametoka katikati ya eda yake, nimepata daraja la nne. Baiolojia nilifeli.

Sasa Nchagwa amekufa na yeye, tajiri, na watu wengi wamekuja kumzika. Baada ya mazishi mjane wake aliniita nyuma ya jiko, mama wa umbo kubwa mwenye sauti ya chini. "Wewe ndiye Mwita wa mkono?" Nikasema ni mimi, shikamoo. Akafungua fundo la kitenge chake. "Mzee alisema nikupe. Ilikuwa chini ya droo miaka yote. Tumehama maduka mara tatu, anahama nayo. Nilimwuliza kwa nini haitumii, akasema anaiogopa. Kwa nini hairudishi, akasema anaona aibu." Aliiweka kiganjani mwangu. Simba wawili wamechakaa mpaka unaweza kusema ni mbwa. Pengo lipo palepale.

"Dereva wa lori," nikasema.

"Nani?"

"Hakuna, mama."

Nililala Mugumu. Alfajiri, kabla ya chai, kabla sijamsalimu mtu, nilitoka. Nilipata pikipiki, dereva mtu mzima mwenye mvi kama mimi, nikamwambia makaburini. Hatujafika mbali akasimama mbele ya kibanda chenye chupa za petroli. "Mzee, nipe elfu mbili ya mbele niweke mafuta."

"Siwezi."

"Huna?"

"Ninayo. Siwezi kununua kitu sasa hivi. Nikishatoka kule nitakupa elfu tano."

Akanitazama, akaitazama pikipiki yake. "Sasa itakwendaje? Kwa maombi?" Kwa hiyo tuliisukuma, wazee wawili, kwenye mlima, akinitukana kwa Kikurya cha upole akidhani nimesahau lugha. Muuza petroli alitupigia makofi.

Majani yalikuwa yamefika kiunoni. Nilizunguka sana mpaka nikaliona: kopo, au kilichobaki, mdomo wa bati wenye kutu umetokeza kichwani pa kaburi moja. Mrehani ulikuwa umekufa zamani na majani mengine yamechukua nafasi. Nilipiga magoti. Nilijisikia mjinga, na mimi naujua ujinga wangu ulivyo, lakini huu ulikuwa mpya. Nikagonga mdomo wa kopo mara moja kwa ukucha.

"Mwita," nikasema. "Sijapita kwingine."

Nikaidondosha kutoka juu, kama zamani. Kopo lilikuwa limejaa udongo mpaka juu. Sarafu ilizama kimya, haikulia.

Kule chini dereva alikuwa ananiita, jua linachomoza, elfu tano yake iko wapi. Nilibaki nimepiga magoti, nasubiri, kama ninavyosubiri kila asubuhi nje ya duka la Neema, aje mtu mwingine aanze.